Mchungaji Rebmann na Macho Yaliyofifia

Wengi wetu tuliokwisha kupita miaka 50 tunaona mabadiliko mwilini. Magoti yanauma tunapoinuka baada ya sala, na kitabu hatukisomi bila miwani. Wako wanaoona haya, hata wakiombwa kusoma somo kanisani hukataa, wasije wakaonekana wazee. Kwa hiyo mwezi huu tumeona vema tumkumbuke Mchungaji Johannes Rebmann. Shuleni tulimfundisha kwa habari ya Kilimanjaro tu, na mwisho wa maisha yake hatukuutaja.

Alizaliwa Gerlingen, Ujerumani, mwaka 1820. Alitumwa na C.M.S., akafika Mombasa mwaka 1846, akakaa Rabai pamoja na Dkt. Krapf. Siku zile miguu yake ilikuwa na nguvu. Tarehe 11 Mei 1848, akiwa njiani kwenda Uchagani, aliona theluji juu ya Kilimanjaro. Mabingwa wengine wa Uingereza walimbishia, wala hawakuwa wamefika huku. Akaenda Uchagani tena mara mbili. Safari ya tatu, mwaka 1849, alinyang'anywa vitu vyake huko Machame, akarudi pwani mikono mitupu.

Mwaka 1853 Krapf alirudi kwao kwa sababu ya afya. Rebmann alibaki. Mwaka 1866 mkewe, Emma, alifariki Rabai. Kisha macho yakaanza kufifia. Bwana Bartle Frere alipomtembelea mwaka 1873 alimkuta karibu kipofu, na bado anashughulika na kamusi zake. Alikuwa na umri wa miaka 53 tu, umri wa wengi wetu.

Na tuitazame kazi hiyo. Mtu asiyeweza tena kusafiri aweza kukaa na kusikiliza. Rebmann alikuwa amekusanya maneno ya Kiswahili, ya Kinyika (ndivyo lugha za Wamijikenda zilivyoitwa zamani), na ya Kinyanja, ambayo alianza kufundishwa mwaka 1853 na Salimini, mtumwa aliyeletwa Mombasa kutoka nchi za Nyasa. Macho yalipokwisha, alikubali kuongozwa na Isaac Nyondo, kijana wa Rabai, mwana wa Abe Ngoa. Mwaka 1875, baada ya miaka 29 bila kuiona nchi yake, Rebmann alirudi Ujerumani, na Nyondo akafuatana naye. Alifariki Korntal tarehe 4 Oktoba 1876. Kamusi ya Kinyanja ilitoka mwaka 1877, Krapf akiwa ameitengeneza, na ile ya Kinyika mwaka 1887.

Ndugu wapendwa, hatusemi kwamba upofu ni kitu chema, wala hatumkatazi mtu kwenda kwa daktari. Twasema hivi: mwili unapopungukiwa, kazi hubadilika, haikomi. Asiyeweza kusimama muda mrefu katika kwaya na awafundishe watoto nyimbo akiwa ameketi. Aliyechoka kutembelea wagonjwa na awaombee kwa majina yao. Na kijana akitushika mkono kwenye ngazi za kanisa, tusiuvute mkono wetu kwa kuona haya. Mchungaji yule aliyepanda mpaka Uchagani aliukubali mkono wa Nyondo, na kwa njia hiyo wote wawili walimtumikia Bwana.