Padri Michel Kayoya: Mwalimu Aliyewarudishia Vijana Fahari ya Baba Zao

Askari anapoulizwa habari za watu mashuhuri, aghalabu hutaja majina ya majemadari. Leo, ndugu wanajeshi na polisi, tunawaletea maisha ya mtu ambaye kazi yake ilikuwa chaki na kalamu, na ambaye aliuawa na watu waliokuwa wamevaa sare ya serikali kama hii tuivaayo sisi. Hatulitaji jambo hilo ili kuchochea chuki iliyokwisha kutugharimu mno. Twalitaja kwa kuwa mwenye kubeba silaha ya umma anapaswa kujua kwa hakika ni nini kinachopotea mwalimu mmoja anapouawa.

Michel Kayoya alizaliwa mwaka 1934 huko Kibumbu, katika vilima vya Mwaro, wakati Burundi ilipokuwa chini ya utawala wa Wabelgiji. Alisoma katika seminari ndogo ya Mugera, upande wa Gitega, kisha akaendelea na seminari kuu ya Burasira. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, nchi yetu ilipokuwa ikipokea uhuru wake wa tarehe 1 Julai 1962, yeye naye alipokea upadre. Baadaye alikwenda Ufaransa, katika mji wa Lille, kusomea elimu ya jamii.

Kijana wa wakati ule alipokwenda shule alijifunza mengi yenye faida, lakini pamoja na hayo alijifunza pia kuona haya. Katika maandishi yake, Kayoya anaeleza jinsi lilivyomchoma jambo la Mkutano wa Berlin wa mwaka 1885, ambapo mataifa ya Ulaya yaliketi kujadili bara letu bila ya kumwita hata mmoja wa wenyewe. Kwa mwanafunzi mwepesi wa kufahamu, somo kama hilo ni jeraha. Laiti angalikuwa mtu wa moyo mdogo, angalilificha jeraha hilo kwa kuwaiga wageni katika kila jambo, au angalibaki na uchungu wake hadi uzeeni. Kayoya hakufanya hili wala lile. Aliligeuza jeraha lake kuwa kazi.

Hapo ndipo tunapoiona siri ya furaha yake katika ualimu. Alipopewa vijana wa kufundisha na kulea, hakuwaona kama vibuyu vitupu vya kujazwa maneno ya kigeni. Aliwaona kama yeye mwenyewe alivyokuwa: watoto waliotoka kwa wazazi wenye hekima, ambao shule ilikuwa karibu kuwasahaulisha hekima hiyo. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Basi mwalimu huyu aliwarejesha vijana kwenye nyayo za baba zao, wakamtazame mzee wa kilimani asiyejua kusoma, nao wamwone jinsi anavyotimiza neno lake, anavyomkaribisha mgeni, anavyoishi kwa utu na heshima ambayo hakuna mkoloni aliyempa, wala awezaye kuichukua.

Kutokana na moyo huo kilizaliwa kitabu chake cha kwanza, Sur les traces de mon père, yaani Katika nyayo za baba yangu, kilichochapwa Bujumbura na Presses Lavigerie mwaka 1968. Ni mchanganyiko wa masimulizi na mashairi, na kiliandikwa hasa kwa ajili ya vijana wa Burundi wanaotafuta thamani za kushika maishani. Kilifuatwa na kingine, Entre deux mondes, yaani Kati ya dunia mbili, ambacho kinatazama kizazi kinachokabidhi na kizazi kinachopokea. Katika vitabu hivyo Kayoya hasemi kwamba kila la kale ni jema na kila la Ulaya ni baya. Anachotaka ni kwamba kijana apokee elimu mpya akiwa amesimama wima, asiipokee akiwa amepiga magoti.

Kutoka kazi ya kulea wanafunzi, Padri Kayoya alikwenda kutumika Muyinga, kaskazini mashariki, karibu na mpaka wa Tanzania. Jimbo Katoliki la Muyinga lilikuwa changa, kwani liliundwa mwaka 1968. Mtu aliyesoma Ulaya na ambaye vitabu vyake vilikuwa vikisomwa angaliweza kujitafutia makao katika mji mkubwa. Yeye alitumika huko pembezoni, miongoni mwa wakulima, huku akiendelea kuandika.

Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka kusini mwa nchi, na raia wengi, hasa Watutsi, wakauawa. Serikali ya Rais Michel Micombero ilijibu kwa mauaji makubwa zaidi dhidi ya Wahutu, na waliotafutwa kwanza walikuwa wale waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi, mapadri, hata askari waliokuwa jeshini. Waandishi wengi wa historia hukadiria waliokufa kuwa kati ya 100,000 na 300,000. Katikati ya mwezi Mei, Kayoya aliuawa Gitega akiwa na umri wa miaka 37, akatupwa pamoja na wengine katika kaburi la halaiki. Husimuliwa kwamba alikwenda kufa akiimba utenzi wa Bikira Maria.

Ndugu zetu, hebu tuipime hasara hiyo kama askari wanavyopima hasara ya vita. Walimu walipotoweka, madarasa yalibaki matupu. Wazazi wengi waliogopa kuwapeleka watoto shule, kwa kuwa kusoma kulikuwa kumegeuka kuwa sababu ya kufa. Watoto wa hofu ile walikua, na nchi ikarudi katika damu tena na tena. Mwanzoni mwa mwaka 2020, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilipofukua makaburi ya halaiki karibu na mto Ruvubu, huko Karusi, ilikuta mabaki ya watu zaidi ya 6,000.

Mwalimu mwingine, Julius Nyerere, ndiye aliyesimamia mazungumzo ya amani yetu kule Arusha hadi alipofariki mwaka 1999, kisha Nelson Mandela akayapokea. Mapatano ya tarehe 28 Agosti 2000 yaliamua kwamba kabila lolote lisizidi nusu katika jeshi na polisi. Sisi tuliopitia shule ya makadeti tukilala bweni moja na kula sahani moja, bila ya kuulizana ukoo, tu matunda ya uamuzi huo.

Na katika shule ile tulijifunza kwamba ofisa ni mwalimu kabla ya kuwa kamanda. Koplo anayemfundisha kuruta kufungua bunduki na kuifunga ni mwalimu. Sajini wa polisi anayemweleza kijana mpya kwamba mshitakiwa ni mtu mwenye haki zake, naye ni mwalimu. Yuko mkufunzi anayefundisha kwa matusi, akafurahi anapoogopwa; furaha yake humalizika gwaride linapovunjwa. Yuko pia yule anayemkuta kuruta akiwa na aibu ya umaskini wa kwao, akamwacha akiwa mtu anayejiheshimu na kuheshimu wengine. Furaha ya huyu wa pili hudumu, maana inatembea kwa miguu ya wengine.

Mwezi Juni 2019, papo hapo Gitega, Kanisa Katoliki lilifungua uchunguzi wa kumtangaza Padri Kayoya kuwa mwenye heri, pamoja na wengine waliouawa katika miaka ya misiba yetu. Hilo ni la Kanisa. Letu sisi tunaobeba silaha ni moja: mwalimu apitapo mbele ya kizuizi chetu, asubuhi, na vitabu vyake kwapani, tumpe njia na tumlinde. Siku moja hatukufanya hivyo, na nchi nzima ikalipa.