Sen no Rikyu: Jamaa aliyewainamisha wakubwa kwa bakuli la chai

Kama uko Garissa, wewe unajua kikombe cha chai husoma majira. Jilaal ikikaza, ngamia hupunguza maziwa na mezani inaletwa strungi. Gu ikinyesha, maziwa yanarudi na chai inabadilika rangi. Sasa tuvuke bahari kidogo, kuna mzee wa Japani ambaye angekuelewa haraka sana.

Anaitwa Sen no Rikyu. Alizaliwa 1522 huko Sakai, mji wa bandari karibu na Osaka. Baba yake alikuwa mfanyabiashara tu, si samurai. Kijana akaanza kusomea chai mapema, na mwalimu wake mkuu akawa Takeno Joo.

Ndiyo, chai ilisomewa. Mmea ni uleule wa Kericho, ila majani yao husagwa yakawa unga wa kijani, ukakorogwa kwa maji moto na kifagio kidogo cha mianzi. Hakuna maziwa, hakuna sukari.

Enzi hizo matajiri walitumia chai kujishaua na vyombo ghali kutoka China. Rikyu akageuza mchezo. Akapenda bakuli za udongo zilizofinyangwa kwa mkono na Chojiro, na kibanda kidogo cha mikeka miwili. Mlango wake ulikuwa mdogo sana. Uwe jenerali, uwe mchuuzi, unaacha upanga nje, unainama, unatambaa ndani. Humo cheo hakina kazi.

Majira nayo aliyaheshimu. Baridi ikija, jiko la shimo sakafuni huwapa wageni joto. Joto likija, jiko dogo huwekwa mbali nao. Na hadi leo, Novemba ndipo hufunguliwa mtungi wa chai iliyochumwa msimu wa machipuko, na watu wa chai huihesabu siku hiyo kama mwaka mpya wao.

Rikyu alimhudumia mbabe wa vita Oda Nobunaga. Huyo alipokufa 1582, akawa mtu wa karibu wa Toyotomi Hideyoshi, mtoto wa familia duni aliyepanda hadi kutawala Japani nzima. Mwaka 1587 wakaandaa karamu kubwa ya chai Kitano, Kyoto, na hata wakulima wakaalikwa. Lakini Hideyoshi huyohuyo alikuwa na chumba cha chai kilichopakwa dhahabu. Unaona shida ilipo?

Mwaka 1591, Hideyoshi alimwamuru mzee wa karibu miaka 70 ajiue kwa upanga. Kisa? Wanahistoria bado wanabishana. Kinachotajwa sana ni sanamu ya Rikyu iliyowekwa juu ya lango la hekalu la Daitokuji, maana kila aliyepita, hata Hideyoshi, alipita chini ya miguu yake. Rikyu akatii.

Ukoo wa Hideyoshi uliangamizwa 1615. Wa Rikyu upo: shule tatu za chai za Kyoto zinaongozwa na kizazi chake, na kile kibanda cha mikeka miwili, Tai-an, bado kimesimama.

Kwetu, mzee wa ukoo na dereva wa tuktuk huketi benchi moja wakinywa shaah, na hakuna anayeshangaa. Sasa niambie, kati ya waheshimiwa unaowajua, nani angekubali kutambaa kwenye mlango wa Rikyu?