John Parker: Mkulima mgonjwa aliyelikabili jeshi la Uingereza

MFANYABIASHARA wa mpakani hahitaji kuelezwa jinsi ushuru uliopangwa bila kumshirikisha unavyochemsha damu. Ushuru wa namna hiyo ndio uliomtoa John Parker shambani kwake, katika kijiji cha Lexington, Massachusetts, wakati eneo hilo la Marekani lingali koloni la Uingereza.

Parker alizaliwa hapo Julai 13, 1729, akaishi kwa kilimo na ufundi. Alimwoa Lydia Moore, wakajaliwa watoto saba.

Desemba 1773, watu wa Boston, mji wa bandari ulio umbali wa takribani kilomita 18 kutoka Lexington, walitosa baharini masanduku 342 ya chai wakipinga ushuru wa Waingereza. Mwaka uliofuata Uingereza iliifunga bandari hiyo. Vijiji vikaanza kujiandaa. Wakulima walifanya mazoezi ya mgambo na kuchagua viongozi wao wenyewe. Lexington ilimchagua Parker kuwa kapteni, ingawa kifua kikuu kilikuwa kikimmaliza.

Usiku wa Aprili 18, 1775, askari wapatao 700 walitoka Boston kwenda Concord kukamata silaha za walowezi. Njia yao ilipita Lexington. Habari zilipofika, Parker aliwaita watu wake, na alfajiri, ngoma ilipolia, wapatao 77 walijipanga kwenye uwanja wa kijiji. Wengi walikuwa ndugu, mashemeji na majirani. Mmoja wao, Prince Estabrook, alikuwa mtu mweusi, tena mtumwa.

Parker alipoona jinsi askari walivyowazidi, aliwaamuru watu wake watawanyike wasifyatue risasi. Kabla hawajamaliza kuondoka, risasi ililia. Aliyeifyatua hajajulikana mpaka leo. Moshi ulipotulia, wanamgambo wanane walikuwa wamekufa au wakikata roho, akiwemo binamu yake, Jonas Parker, aliyechomwa singe. Estabrook alijeruhiwa. Jeshi likaendelea na safari yake.

Kapteni aliyepoteza jamaa zake asubuhi, naye mwenyewe mgonjwa, angeweza kurudi nyumbani na hakuna ambaye angemlaumu. Parker aliwakusanya waliobaki. Askari walipokuwa wakirejea kutoka Concord, aliwavizia karibu na mpaka wa Lexington na kijiji jirani cha Lincoln. Wanamgambo wa vijiji vingine nao walikuwa wakiwashambulia njia nzima. Siku ilipokwisha, Waingereza 73 walikuwa wameuawa.

Baadaye aliongoza kikosi chake kwenda Cambridge, Boston ilipozingirwa. Lakini kufikia mapigano ya Bunker Hill, Juni mwaka huo, hakuwa tena na nguvu za kupigana. Alifariki Septemba 17, 1775, akiwa na umri wa miaka 46. Tamko la uhuru la Julai 4, 1776 hakuliona.

Hata hivyo, uhuru huo haukumfikia kila mtu. Estabrook alirudi vitani, akapata uhuru wake baada ya vita, lakini katika majimbo ya Kusini utumwa uliendelea hadi 1865.

Ni mjukuu wa kapteni, Theodore Parker, aliyezaliwa Lexington mwaka 1810, aliyelishika deni hilo. Alikuwa mchungaji mjini Boston na mpinzani mkubwa wa utumwa. Sheria ya mwaka 1850 ilipotaka watumwa waliotoroka wakamatwe na kurudishwa kwa mabwana zao, aliwaficha na kuwalinda. Silaha ya babu yake aliitunza katika chumba chake cha kusomea.

Theodore alifariki mwaka 1860, akiwa ameacha wosia kwamba bunduki hiyo ikabidhiwe Massachusetts. Mpaka leo imetundikwa katika ukumbi wa Seneti ya jimbo hilo, ambako wawakilishi waliochaguliwa na wananchi hujadili sheria, na kodi pia.