Goti la Pembe la Daktari Gluck
Nimwonapo mzee akishuka ngazi kinyumenyume kwa maumivu ya goti, humkumbuka Themistocles Gluck. Alizaliwa Iași mwaka 1853, akawa daktari wa upasuaji Berlin. Mwaka 1890 alimtia msichana wa miaka 17 goti la bawaba, limechongwa kwa pembe ya ndovu (bidhaa ile ile iliyojaza majahazi yetu zama hizo). Mwanzo lilifanya kazi vyema. Lakini wagonjwa wake walikuwa na kifua kikuu cha viungo, usaha ukarudi. Mkubwa wake, Bergmann, akamzuia kuieleza kazi hiyo mkutanoni. Kwangu mimi, alionewa. Alifariki 1942, kabla magoti ya chuma na plastiki wanayotiwa wazee wetu leo hayajaenea.