Ivan Pavlov na mbwa walionusurika mafuriko ya 1924

Ukitaja jina la Ivan Pavlov, wengi hukumbuka kengele na mbwa anayedondokwa na mate. Lakini kisa kinachoonyesha vizuri zaidi jinsi mbwa anavyomtegemea binadamu kilitokea mwaka 1924, maji yalipovamia mabanda ya mbwa wake.

Pavlov alizaliwa Septemba 1849 mjini Ryazan, Urusi, akiwa mtoto wa kwanza wa padri wa Kanisa la Orthodox. Utotoni alianguka kutoka juu ya ukuta akaumia vibaya, ndiyo maana alianza shule akiwa na miaka 11. Akapelekwa seminari ili afuate nyayo za baba yake. Huko akakutana na mawazo ya Charles Darwin na ya mwanasayansi Mrusi Ivan Sechenov, na mwaka 1870 akaachana na upadri, akaenda kusoma sayansi St Petersburg.

Mate kabla ya chakula

Mwaka 1891 alianza kuongoza maabara katika Taasisi ya Tiba ya Majaribio mjini humo. Alikuwa akichunguza namna chakula kinavyosagwa tumboni. Mbwa walipasuliwa na kuwekewa mirija ili majimaji ya mwilini yapimwe wakiwa hai. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1904, Mrusi wa kwanza kuipata.

Ila kuna kitu kilikuwa kinavuruga vipimo. Mbwa walitoa mate hata kabla ya kuona chakula. Wakisikia tu hatua za mhudumu anayewalisha, mate haoo!

Mwingine angeona ni usumbufu. Pavlov aliona ni swali, akalifanyia kazi hadi kufa kwake. Alitumia sauti, taa na metronomu, kile chombo cha wanamuziki kinachogonga kwa mapigo sawa, akathibitisha kwamba mbwa hujifunza kuunganisha ishara na kile kinachofuata. Kumbe wakati watu wanamchunguza mbwa, naye anawachunguza wao.

Siku maji yalipoingia

Septemba 1924, mafuriko makubwa yaliikumba Leningrad, jina jipya la mji ule ule. Mabanda ya mbwa yalizingirwa na maji. Wahudumu waliwatoa mbwa na kuwaogelesha kwa makundi madogo, katikati ya upepo mkali, hadi kwenye jengo la maabara.

Mbwa waliokolewa, lakini baadhi yao hawakuwa wale wa zamani. Mmoja, aliyekuwa amefunzwa vizuri, alisahau karibu yote. Ishara zilitolewa, mate hayatoki. Chakula kiliwekwa mbele yake, hataki.

Kwa kawaida mbwa alikuwa peke yake chumbani wakati wa majaribio, mtafiti akiwa nje. Safari hii mtafiti aliyemzoea aliingia akakaa naye. Mbwa akaanza kula, na yale aliyofundishwa yakarudi. Mtafiti akitoka, yanapotea tena. Jambo la ajabu zaidi, hata nguo za mtafiti huyo zilipofichwa chumbani mbwa asizione, harufu yake peke yake ilisaidia.

Baadaye maji kidogo yalipitishwa kimyakimya chini ya mlango. Hofu ikarudi palepale.

Deni kwa mbwa

Pavlov hakuliita jambo hilo upendo. Kwake, mtu naye ni ishara kama ishara nyingine. Lakini matokeo yake yanaonyesha kitu ambacho kila anayefuga mbwa anakijua: akishikwa na hofu, mbwa humtafuta mtu wake. Na huyu alitulizwa na mtu yule yule aliyekuwa akimfanyia majaribio. Uaminifu huo ulikuwa na gharama. Mbwa wengi wa Pavlov walikufa kwa upasuaji, na wengine kwa njaa iliyofuata mapinduzi ya 1917.

Mwaka 1935, kwa pendekezo la Pavlov mwenyewe, sanamu ya mbwa ilisimamishwa kwenye bustani ya taasisi hiyo, kama shukrani kwa wanyama hao. Pavlov alifariki Februari 27, 1936, akiwa na miaka 86. Sanamu ya mbwa ipo pale hadi leo.