Mkulima Aliyeipigia Hesabu Siku ya Kiyama: Maisha ya William Miller na Asili ya Wasabato



Ndugu zangu wanafunzi, hapa Uganda ni vigumu kupata chuo kisicho na Wasabato. Wao ndio wenye Chuo Kikuu cha Bugema, na katika vyuo vya serikali huomba mitihani isiangukie Jumamosi, kama sisi tunavyoomba nafasi ya swala ya Ijumaa. Tunajadiliana nao sana juu ya nguruwe, pombe na siku ya ibada, lakini wachache wetu wanajua madhehebu yao yalianzaje. Ndiyo maana nimeamua kusimulia maisha ya William Miller. Yeye mwenyewe hakuwahi kuwa Msabato, lakini bila yeye madhehebu hayo yasingekuwepo. Kisha nitayapima mafundisho yake kwa Biblia, kwa kuwa ndiyo mizani aliyoikubali.

Miller alizaliwa tarehe 15 Februari 1782 huko Pittsfield, jimbo la Massachusetts, Marekani, akiwa wa kwanza kati ya watoto 16. Mama yake alikuwa binti wa mhubiri wa Kibaptisti. Akiwa na miaka 4 familia ilihamia Low Hampton, jimbo la New York, kulima. Elimu ya shule aliipata kidogo tu. Iliyobaki aliitafuta mwenyewe, akisoma usiku kwa mwanga wa kuni za msonobari.

Mwaka 1803 alimwoa Lucy Smith, wakahamia Poultney, Vermont. Huko palikuwa na maktaba, naye akasoma vitabu vya Voltaire, Hume na Paine hadi akaiacha dini ya wazazi wake. Alibaki akiamini kwamba Mungu yupo na ndiye aliyeumba, lakini hateremshi wahyi wala hashughuliki na viumbe wake.

Vita ndivyo vilivyomtikisa. Mwezi wa Septemba 1814, akiwa kapteni, alikuwapo Plattsburgh pale jeshi dogo la Marekani lilipowashinda Waingereza waliolizidi kwa idadi. Aliona mkono wa Mungu katika ushindi ule, na vifo alivyovishuhudia vikamfanya aulize nini kinafuata baada ya kaburi. Mwaka 1816 alirudi kwa Wabaptisti. Rafiki zake wa zamani wakamtaka aeleze migongano waliyoiona ndani ya Biblia, naye akaanza kusoma tangu kitabu cha Mwanzo, aya kwa aya, akiwa na faharisi ya maneno ya Cruden tu mkononi.

Mimi namheshimu kwa hilo. Aliulizwa swali, akaketi kutafuta jibu kwa miaka miwili.

Jibu alilolipata mwaka 1818 lilitoka katika Danieli 8:14, panapotajwa jioni na asubuhi 2,300 kabla patakatifu hapajatakaswa. Miller alichukua kila siku kuwa mwaka, akitegemea Hesabu 14:34 na Ezekieli 4:6. Alianza kuhesabu mwaka 457 kabla ya Masihi, mwaka wa amri ya mfalme Artashasta iliyomo Ezra 7. Patakatifu alipafasiri kuwa ni dunia itakayotakaswa kwa moto Masihi atakaporudi. Ukitoa 457 katika 2,300 unapata 1843.

Alikaa kimya miaka 13 akiirudia hesabu yake, na alihubiri kwa mara ya kwanza Agosti 1831 huko Dresden, New York. Mwaka 1840 mchungaji Joshua Himes wa Boston alimwanzishia gazeti, na habari ikasambaa nchi nzima. Mwenzao Josiah Litch alitangaza kwamba dola ya Uthmaniya ingeanguka tarehe 11 Agosti 1840, kwa kuwa aliona Waislamu wametabiriwa katika Ufunuo wa Yohana sura ya 9. Sultani alipopokea msaada wa mataifa ya Ulaya dhidi ya Muhammad Ali wa Misri, wafuasi wakasema utabiri umetimia. Lakini usultani ule uliendelea hadi mwaka 1922.

Miller aliweka muda wa kati ya 21 Machi 1843 na 21 Machi 1844. Ulipita. Ndipo Samuel Snow alipotaja siku kamili, 22 Oktoba 1844. Miller alisita, akaikubali zikiwa zimebaki wiki chache tu. Baadhi ya wafuasi waliacha mazao shambani bila kuyavuna. Siku ikaja, kukacha, kukapambazuka, watu wakalia.

Miller alikiri hadharani kwamba hesabu ilikosea, ingawa aliendelea kutumaini kuwa Masihi yu karibu. Mwaka 1845 kanisa lake la Kibaptisti lilimtoa. Macho yakafifia, na tarehe 20 Desemba 1849 akafariki.

Wafuasi wake waligawanyika. Kundi moja lilifuata maelezo ya Hiram Edson kwamba tarehe ilikuwa sahihi, ila patakatifu ni pa mbinguni, na Yesu aliingia sehemu ya ndani kuanza kazi mpya. Ellen Harmon, msichana wa miaka 17, alisema ameonyeshwa maono mwezi wa Desemba 1844. Sabato ilitoka kwa Wabaptisti wa Siku ya Saba, na Joseph Bates akaieneza, Miller hakuikubali. Jina la Waadventista Wasabato lilichaguliwa mwaka 1860, na kanisa likaundwa rasmi mwaka 1863.

Sasa tupime. Kwanza, Mathayo 24:36 na Marko 13:32 zinafundisha kwamba siku hiyo haijulikani na yeyote isipokuwa Mungu, na Marko inamtoa hata Mwana katika ujuzi huo. Matendo 1:7 inawazuia wanafunzi kuzitafuta nyakati. Pili, aya za Hesabu na Ezekieli zinazungumzia matukio mawili maalumu; hazisemi kwamba kila siku katika unabii ni mwaka. Tatu, Danieli 8:21 inamtaja mfalme wa Ugiriki kwa jina la nchi yake, na wanazuoni wengi wa Biblia wanaona sura hiyo inamhusu Antioko Epifane, aliyelinajisi hekalu la Yerusalemu mwaka 167 kabla ya Masihi. Nne, sura hiyo haisemi lolote juu ya mwaka 457. Mwanzo huo wa hesabu umeletwa kutoka sura nyingine.

Lakini uadilifu unatutaka tuseme na upande wa pili. Katika siku ya Sabato, Msabato ana Kutoka 20 mkononi kuliko Mkristo wa Jumapili, na katika nguruwe ana Walawi 11. Usimdhihaki kwa hayo. Muulize kwa upole juu ya 1844, maana hapo ndipo nguzo yake inaposimama bila aya iliyo wazi.

Na sisi tusijisahau. Surat al-A'raf aya ya 187 inafundisha kwamba ujuzi wa Saa uko kwa Allah peke yake, na Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na Jibril (A.S.) alieleza kwamba hajui zaidi ya muulizaji. Pamoja na hayo, tarehe 1 Muharram 1400, yaani 20 Novemba 1979, Waislamu wenye silaha waliuteka Msikiti Mtukufu wa Makka wakidai Mahdi amedhihiri kati yao, na damu ikamwagika ndani ya Haram. Hata leo simu zetu zinaletewa tarehe na ishara zisizo na asili, nasi tunazisambaza kabla ya kuuliza.

Mtume (S.A.W.) alimjibu aliyeuliza Saa ni lini kwa kumuuliza ameiandalia nini. Akatufundisha pia kwamba Kiyama kikimkuta mtu na mche mkononi, akiweza kuupanda, aupande. Wale wakulima wa 1844 waliacha mavuno yao yaoze. Mwenye mtihani asome, mwenye deni alipe, mwenye swala ya kulipa ailipe leo.

Wabillahi tawfiq.