Edward Forbes na Viumbe wa Mikono Mitano

Mimi ni mtu wa bara, wala bahari sijapata kuiona. Hata hivyo napenda kuwapa wasomaji wenzangu habari za mtu aliyetumia maisha yake kutafuta yaliyomo chini yake.

Edward Forbes alizaliwa mwaka 1815 katika kisiwa cha Man, baina ya Uingereza na Ayalandi. Alipelekwa Edinburgh kusomea udaktari, lakini moyo wake haukuwamo. Mwaka 1836 aliuacha, akashika wavu wa kukokota chini ya bahari. Mwaka 1841 alitoa kitabu juu ya viti vya pweza wa Uingereza, na picha alizichora mwenyewe.

Kitabuni wamo pia ndugu za kiti cha pweza ambao mikono yao huvunjika upesi, kisha huota tena. Kuwatambua si kazi ngumu. Mikono ya kiti cha pweza ni minene, nayo huungana na mwili bila mpaka. Hawa wana mwili wa mviringo kama sarafu, na mikono myembamba kama mikia ya nyoka, yenye pingili ndani kama uti wa mgongo. Kinywa ki chini, kina taya tano. Njia ya kutolea uchafu hawana. Atakaye kujua ni wa aina gani hana budi kutazama magamba ya mwilini na miiba ya mikononi, kwani kwa wengine imelala, kwa wengine imesimama.

Mwaka huohuo alisafiri na manowari mpaka Bahari ya Aegea. Aliona kuwa kadiri wavu ulivyoshuka, viumbe walipungua. Akakata shauri kwamba chini ya pima 300 hakuna uhai. Wengi walimsadiki.

Mwaka 1854 alipewa cheo alichokitamani, uprofesa wa elimu ya viumbe huko Edinburgh. Miezi michache baadaye alifariki, umri wake miaka 39.

Mwaka 1860 manowari Bulldog ilipima kina cha Atlantiki ya Kaskazini. Kamba ilipovutwa kutoka pima 1,260, walionekana viumbe 13 wameing'ang'ania: ni walewale wa mikono ivunjikayo!

Basi kosa lake lilisahihishwa na wanyama aliowapenda. Mimi simcheki. Alichokiona alikihesabu kwa uaminifu. Alikosa alipotoa hukumu juu ya mahali ambapo wavu wake haukufika. Nasi wanafunzi tujihadhari na jambo hilo.